Karatasi za Walimu Nilizozisoma Kabla ya Kuzichoma

Najua mtauliza: huyu mzee ni nani hata awafundishe walimu namna ya kujibu mtihani wa ualimu? Nijibu mwenyewe kabla hamjachoka kuuliza. Naitwa Malimi, mtu wa Nyakato, nimeishia darasa la nne. Cheti sina hata kimoja. Nilichokuwa nacho ni kazi. Kwa miaka mingi nilikuwa mhudumu wa ofisi ya taaluma katika chuo kimoja cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na kazi zangu zilikuwa tatu. Kuzungusha mashine ya kudurufu. Kugawa karatasi za nyongeza ukumbini siku ya mtihani. Na kuchoma karatasi za majibu ya mitihani ya majaribio zikishajaza kabati.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonisomesha.

Mtu mwingine angemwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti, akaenda zake kunywa chai. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nilikuwa nakaa juu ya jiwe nyuma ya jiko la chuo, rundo kushoto, moto kulia, natoa karatasi moja, naisoma, halafu ndiyo naitupa. Siku za kwanza nilisoma polepole kama mtu anayechambua mchele. Baadaye nikazoea. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: hawa wawili wamesoma darasa moja, wamekula maharage ya sufuria moja, mbona huyu kapata themanini na yule kapata thelathini?

Na mjue mapema, ili msinipakazie: mtihani wenyewe wa taifa sikuwahi kuuona ndani. Huo ulikuja umefungwa kwa lakiri na majibu yake yakaondoka yamefungwa kwa lakiri. Ninayoyasema hapa nimeyatoa kwenye majaribio ya chuoni, na kwa macho yangu pale mlangoni mwa ukumbi.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba karatasi nyingi zilizoanguka zilikuwa na adabu nzuri mno.

Swali linasema: eleza njia tatu za kumsaidia mwanafunzi anayechelewa kuelewa. Jibu linaanza: elimu ni jambo muhimu sana katika maisha ya mwanadamu, tangu enzi za mababu zetu watu wamekuwa wakielimishana kwa njia mbalimbali. Ukurasa mzima hivyo! Mwanafunzi anayechelewa kuelewa bado hajatajwa, yuko nje anasubiri. Nilisoma karatasi kama hizo mpaka siku moja nikacheka peke yangu, maana niliyatambua mazungumzo yale. Ni ya kwetu. Ukija nyumbani kwangu Usukumani kwa habari ya ng'ombe, huanzi na ng'ombe. Unaanza na mvua, unapita kwa watoto, unauliza pamba imeotaje, unakunywa maji, na ng'ombe anaingia jioni mwenyewe akiwa amechoka. Huo ni utu. Walimu wetu waliuchukua utu huo wakampelekea msahihishaji, kama vile amekuja kuwatembelea.

Mkufunzi Deogratias, Mhaya mmoja mrefu aliyekuwa akisimamia usahihishaji wa majaribio, alinikuta pale kwenye jiwe.

"Mzee Malimi, unasoma nini tena? Si nimekwambia uchome?"

"Nachoma. Lakini natafuta sababu ya mtu kuanguka."

"Umeipata?"

"Naona wanaanguka kwa kusalimia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujivuna licha ya shule yake yote, akaenda ofisini akaleta mwongozo wa kusahihishia wa mwaka uliopita, akachuchumaa karibu nami.

"Tazama. Akitaja hoja, namwekea vema. Akiifafanua, vema. Akitoa mfano unaoendana nayo, vema. Nikishamaliza hapo natafuta hoja ya pili. Sasa hii salamu yake ni nzuri, lakini niambie wewe, vema nitaiweka wapi?"

"Na mwandiko mzuri?"

"Mwandiko mzuri unanisaidia kuona haraka kwamba hakuna kitu."

Nilijiona nimepata shahada siku ile. Nikaanza kutoa ushauri bila kuombwa, na hapo ndipo nilipomharibia mtu. Alikuwepo mwalimu mmoja, Sospeter, Mjita, mpole. Nikamwita pembeni nikamwambia kwa kifua kabisa: "Sikia, andika kifupi. Wanapenda kifupi." Mtihani wa majaribio uliofuata, swali la njia tatu za kumsaidia mwanafunzi, Sospeter akaandika: *Kumpenda. Kumfuatilia. Kumvumilia.* Akaweka nukta. Akaenda swali la pili.

Alikuja na karatasi yake mkononi.

"Mzee, umeniua."

"Nimekuua vipi tena?"

"Umesema kifupi."

"Kifupi, siyo kufa!"

Lakini kosa lilikuwa langu. Nilijua kukata mkia wa jibu, sikujua jibu lenyewe linasimamaje. Nilirudi kwenye jiwe langu nikasoma tena zile za themanini, nikaona kila hoja imekaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza, sentensi moja inayotaja hoja kwa jina lake. La pili, sentensi mbili tatu zinazosema kwa nini, au inafanyikaje. La tatu, mfano. Halafu mtu anaruka mstari na kuanza hoja nyingine. Ukiweka figa moja, kama nilivyomfanyia Sospeter, sufuria inaanguka. Ukiweka kumi, hupati mahali pa kuchochea kuni. Sospeter alifaulu baadaye, na mpaka leo akiniona anasema "kifupi!" kwa mbali, watu wanadhani ndilo jina langu.

Sasa niwaeleze habari ya Mwalimu Perpetua, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, ya mwanzo mwanzo wa tisini. Kila kitu kimefunguliwa. Mitumba imejaa, viwanda vya samaki vinaota huku kwetu Nyakato, na mjini Mirongo wamefungua maduka yenye mashine za fotokopi. Zilikuwa zinatoa karatasi safi bila mtu kuchafuka wino hata kwenye kucha. Mimi na mashine yangu ya kuzungusha kwa mkono tulikuwa tunaitazama habari hiyo kwa wasiwasi. Na maduka hayohayo ndiyo yaliyoanza kuuza vijitabu vya "maswali na majibu" ya mitihani ya ualimu. Walimu walivinunua kama vitumbua.

Perpetua alikuwa Mhaya, mwalimu wa UPE, wale waliochukuliwa kutoka darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakifanya kazi, taifa lilipotaka kila mtoto aingie shule. Alikuwa amefundisha miaka mingi katika shule ya msingi ya kijiji cha wavuvi, ng'ambo ya pili ya ziwa, unavuka na kivuko cha Kamanga. Ili apande kuwa mwalimu wa Daraja la A alitakiwa afaulu mtihani. Ameshaanguka mara mbili. Mkaguzi alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akianguka mara ya tatu, ataondolewa darasani, atafutiwe kazi nyingine au arudi kwao. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Wala hakuitaka.

Alikuja kwangu mchana mmoja, nimejaa wino mpaka viwikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Habari za ng'ambo?"

"Nzuri. Za hapa? Mama hajambo? Kazi?"

Akauliza mpaka mbuzi. Nikajua kuna ng'ombe nyuma. Mwisho akashika pochi yake kwa mikono miwili akasema, "Nasikia wewe ndiye unayechapa mitihani."

Nikasimamisha mashine.

"Nachapa ya majaribio. Ya taifa hata mkuu wa chuo hajui ina rangi gani. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi rudi ulikotoka. Mimi sina elimu, lakini jina ninalo."

Alitoka. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi nilipomwita tena. Msidhani ni huruma, mimi huruma yangu ni ndogo. Ni ule ugonjwa wangu. Nilitaka kujua mtu aliyefundisha miaka yote hiyo anaangukaje mtihani wa kufundisha.

"Mwalimu! Hizo mbili ulizoanguka, ulijibuje?"

Akafungua pochi, akatoa kijitabu cha Mirongo, kimechakaa pembe zote. Nikamwambia akifunge, anijibu kwa kichwa. Zana za kufundishia ni nini na zina faida gani? Akasimama wima, akafumba macho, akaanza kutiririka kama anasali litania. Hakupumua. Alipofika kwenye mifano akasema: "Mfano, chati, ramani na projekta."

"Hapo hapo. Shule yenu ina projekta?"

"Baba, hata chaki tunavunja vipande tugawane."

"Sasa projekta umeitoa wapi?"

"Kwenye kijitabu."

"Na watoto wako wanahesabu kwa projekta?"

Hapo akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Wanahesabu kwa maboya."

"Maboya ya nyavu?"

"Ndiyo. Yale yaliyotupwa ufukweni. Nimeyatunga kwenye kamba, kumi kumi. Watoto wa kule hesabu ya kitabuni hawaitaki, lakini muulize mtoto nyavu ya baba yake ina maboya mangapi kati ya jiwe na jiwe, anakujibu kabla hujafunga mdomo. Basi naanzia hapo. Kuzidisha, kugawanya, yote."

"Darasa lina wangapi?"

"Wakija wote, tisini na kitu. Ndiyo maana nawakalisha kwa mitumbwi. Kila mtumbwi watoto wanane, na nahodha wake. Nahodha akishaelewa anawaelewesha wenzake, mimi napita nasikiliza."

Nilimuuliza mpaka chai yangu ikaota ngozi. Akishajibu moja nina jingine. Mwisho nikagonga meza.

"Andika hayo!"

"Hayo?" Alinitazama kama nimemwambia aingie ukumbini na kanga moja. "Hayo siyo elimu, baba. Hayo ni kuhangaika tu."

"Ninyi Wahaya, nshomile, wasomi wa kuzaliwa, mna shida kubwa. Kitu kikitoka Bukoba kwenye kitabu ni elimu, kikitoka mikononi mwenu ni kuhangaika."

"Na ninyi Wasukuma mnadhani kila kitu ni ng'ombe, kikiwa na miguu minne kinauzika," akanijibu papo hapo. Nikampenda.

Nilimpeleka kwa Mkufunzi Deogratias ili nisirudie kosa la Sospeter. Yeye akamwekea sawa: mfano wa maboya ni dhahabu, lakini usiuache utembee peke yake. Utangulize na jina lake la darasani. Andika kwanza kwamba zana zinapatikana katika mazingira ya mwanafunzi, ndipo ueleze maboya. Andika kwanza kufundisha kwa vikundi, ndipo ulete mitumbwi. Msahihishaji ana mwongozo mezani, anatafuta jina lile. Akilikuta, mfano wako unamwamsha. Asipolikuta, anaona hadithi ya uvuvi.

Likabaki suala la muda. Perpetua alikuwa na tabia ya walimu wote wazuri: hawezi kuacha kueleza mpaka wa mwisho aelewe. Swali la kwanza analipa saa nzima na nusu, mengine manne yanagombania masalia. Saa ya mkononi hana. Nikamuuliza, "Ugali na dagaa, tangu sufuria ya maji iwe motoni mpaka kunawa mikono, unachukua muda gani?" Akafikiri. "Kama nusu saa, na kidogo." Nikamwambia basi hilo ndilo swali moja. Bandika sufuria, funga vitabu, andika. Ukiepua, weka kalamu chini hata kama sentensi imebaki na mguu juu.

Kila Jumamosi alivuka na majibu yake, na mimi niliyasoma palepale kwenye jiwe.

"Wiki hii nimeunguza mara mbili," alisema.

"Na jibu?"

"Jibu limeiva. Mume wangu anauliza huu mtihani unaisha lini, amechoka kula makoko."

Siku ya mtihani nilikuwa mlangoni kama kawaida, karatasi za nyongeza kifuani, nyuzi za kufungia karatasi zikining'inia mfukoni. Mhudumu haruhusiwi kusema. Mkono ukiinuka, unapeleka karatasi na uzi, unarudi. Niwape siri moja ya pale mlangoni: yule anayeita karatasi ya kwanza kabisa, wakati wenzake hawajafika nusu, mara nyingi huyo yuko kwenye salamu. Na yule anayekaa dakika kumi bila kuandika, anasoma maswali yote na kutia alama anayoyaweza, msimwonee huruma. Huyo anachagua.

Perpetua alichagua. Alianza kwa utulivu, swali la kwanza, la pili, la tatu, naona mikono inaepua kwa wakati. Nikajivuna kimyakimya. Swali la nne akaandika ukurasa mzima na kuvuka. Kisha akasita. Akaweka kalamu. Akalisoma swali tena, kidole chini ya maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Msimamizi akatangaza saa moja imebaki.

Akachukua rula, akapiga mstari juu ya ukurasa wote ule. Akafunua, akapiga mwingine.

Nusu saa yote ameitupa, na swali la tano bado. Mkono wake ukainuka. Nikapeleka karatasi mbili na uzi. Alizipokea bila kunitazama. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, siku hiyo tu ndiyo nilitaka kufungua mdomo ukumbini. Ningesema nini? Hata swali lenyewe sikulijua. Nikarudi mlangoni. Muda ulipokwisha alifunga karatasi zake, akatoka mbio kuwahi kivuko, wala hatukuagana.

Miezi ikapita. Mashine yangu ikafunikwa turubai, fotokopi ikaingia ofisini na binti wa kuibonyeza. Siku matokeo yalipobandikwa kwenye ubao wa ofisi za elimu mjini, niliacha kazi nikaenda mwenyewe Nyamagana kwa miguu. Nikasukumana na vijana wenye tai. Nikasoma majina kwa kidole, moja moja, mpaka nikalifikia la kwake. Amefaulu. Nikasoma tena mstari wote, kutoka jina mpaka mwisho, nisije nikawa nimeruka kwa mwenzake. Amefaulu.

Jumamosi alivuka. Alileta sato wawili, wakubwa, kwenye kikapu.

"Hongera nshomile. Sasa utatusalimia kweli?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa hapo. Kabla ya samaki, niambie ule mstari ulioupiga."

Akakaa. "Swali lilisema: eleza namna mwalimu anavyoweza kutambua kwamba mbinu yake imeshindwa, na hatua atakazochukua. Mimi nikaandika maboya. Mitumbwi. Yote mazuri yangu, maana ndiyo tuliyoyafanyia mazoezi. Nikiwa ukurasa wa pili nikaona swali halitaki mazuri yangu. Linataka niliposhindwa."

Karatasi zote nilizosoma na kuchoma, mamia kwa mamia, sikukumbuka hata moja ambayo mwalimu ameandika kwamba alishindwa. Wanafunzi ndio wanaoshindwa, wazazi, vifaa, mvua.

"Ukaandika nini?"

"Nikaandika habari ya Sabina. Mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa anachelewa kila siku, na akifika analala juu ya dawati. Nikamchapa wiki nzima. Akaacha kuja. Ndipo wenzake wakaniambia alfajiri huwa ufukweni anaanika dagaa na bibi yake, halafu ndiyo anakimbia shule. Nikaandika hivyo hivyo. Kwamba dalili ya kwanza ya mbinu kushindwa ni mtoto kutoweka. Mfano, Sabina. Kwamba hatua ya kwanza ni mwalimu kumfuata mtoto kwao ajue sababu, ndipo apange upya."

"Hoja, ufafanuzi, mfano. Safi kabisa!"

"Siyo safi, baba." Alikuwa anaangalia kikapu. "Jioni ile ya mtihani nilipanda kivuko, tuko katikati ya maji, nikakumbuka kwamba sijawahi kumfuata. Nimemwandikia msahihishaji hatua ambayo sijaichukua. Miezi mitano mtoto yuko nje, mimi namwaga wino."

"Kwa hiyo?"

"Kesho yake sikwenda misa. Nilikwenda kwao."

"Akarudi?"

"Bibi yake alinipa kigoda. Sabina akatoka, akasema shikamoo mwalimu, akaingia ndani."

"Halafu?"

"Nikaenda Jumapili iliyofuata. Akasema shikamoo, akaingia ndani."

"Halafu?"

"Ya tatu nikaacha kukaa kwenye kigoda. Nikakunja gauni, nikaingia mchangani, nikaanza kugeuza dagaa na bibi. Sijui kugeuza dagaa, nilikuwa nawavunja vichwa. Sabina alinitazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia, akaja akanishika mkono. Akasema, 'Siyo hivyo, mwalimu. Subiri nikufundishe.'"